Hakuna Anayekataa, Wanasema "Mwezi Ujao"

Kwenye kituo kimoja cha mafuta huku Mbagala, Dar es Salaam, pembeni ya pampu ya dizeli, kuna mtungi wa kuzimia moto ambao mshale wa geji yake umelala kwenye nyekundu. Kadi ya ukaguzi imefungwa shingoni kwa kamba ya katani, imepigwa jua mpaka maandishi yamefutika. Chini yake kuna ndoo nyekundu ya mchanga. Nilichungulia nikaona vizibo vya soda, risiti zilizokunjwakunjwa, na vipisi viwili vya sigara. Sigara, kwenye kituo cha mafuta! Nikamuuliza dada aliyekuwa akijaza pikipiki yangu kama ule mtungi unafanya kazi.

"Tumesharipoti, kaka. Wamesema mwezi ujao."

Hakukasirika wala hakucheka. Alijibu kama mtu anayeitikia salamu, akarudisha mpira wa pampu mahali pake, akamfuata mteja mwingine.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma ripoti za ajali kubwa za mafuta duniani, na karibu kila moja ina "mwezi ujao" wake. Tukisikia mtambo umelipuka kwa sababu kampuni ilibana matumizi, tunamfikiria bosi mmoja katili aliyekaa ghorofani akichana karatasi ya usalama. Ripoti hazionyeshi hivyo. Zinaonyesha watu wa kawaida, wengi wao wenye elimu nzuri, wanaoahirisha. Sasa inakuwaje kampuni yenye mabilioni ya dola na makabati ya vitabu vya taratibu ishindwe kurekebisha kipimo kimoja mpaka watu wafe?

Tuanzie kwenye daladala, maana mahesabu ni yale yale. Tajiri anataka hesabu yake kila jioni. Dereva anasikia pedi za breki zimeanza kulia kila akikaribia kituo. Akipeleka gari gereji anapoteza tripu za mchana, na akimpigia tajiri simu ataambiwa "pambana nayo kwanza". Asipopeleka, gari inasimama Mtoni kwa Aziz Ali, inasimama Tandika, na jioni hesabu imetimia. Kesho inasimama tena. Baada ya wiki mbili kule kutotengeneza kumejipatia ushahidi wake: si unaona gari inasimama? Anayetaka kubadilisha pedi sasa ndiye anayeonekana mpenda gharama.

Matengenezo yakifanyika hayaonyeshi faida, kwa sababu faida yake ni jambo ambalo halikutokea. Yakiahirishwa, faida inaonekana jioni hiyo hiyo, kwa noti. Na anayeamua kuahirisha mara nyingi siye atakayekuwa kwenye kiti cha mbele siku breki zikigoma.

Kwenye mafuta ongeza masifuri tu. Mwishoni mwa mwaka 1998 pipa la mafuta ghafi lilishuka hadi kama dola 10. Kampuni haipangi bei ya pipa. Bei inapangwa na dunia. Inachoweza kupanga ni matumizi yake. Mwaka huo huo BP ya Uingereza iliungana na Amoco ya Marekani, na katika mali zilizotoka kwa Amoco kulikuwa na kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta huko Texas City, jimboni Texas. Mwaka 1999 viwanda vikaagizwa vipunguze gharama zao za kudumu kwa asilimia 25.

Agizo halikusema "punguzeni usalama". Lilisema asilimia 25, basi. Hebu kaa kwenye kiti cha meneja uitazame orodha: mishahara, umeme, kodi, bima, matengenezo, mafunzo. Umeme usipolipa unakatwa. Kodi usipolipa wanakuja. Kinachoweza kungoja bila mtu yeyote kupiga kelele ni matengenezo na mafunzo. Huhitaji roho mbaya kuchagua hapo. Unahitaji tarehe ya mwisho tu. Katika chumba cha kuongozea mitambo, waendeshaji wawili waliokaa mbele ya skrini wakawa mmoja. Kufikia mwaka 2005 mtu huyo mmoja alikuwa akiangalia mitambo mitatu.

Tarehe 23 Machi 2005 mmoja wa mitambo hiyo ulikuwa ukiwashwa baada ya kusimama kwa matengenezo. Ndani yake kulikuwa na mnara wa mita kama 52 unaotenganisha mafuta mepesi na mazito. Siku za kawaida mafuta hukaa chini kabisa ya mnara, kwa hiyo kipimo cha kina kilitengenezwa kisome eneo hilo la chini peke yake, chini ya mita tatu. Mafuta yalipopita hapo kipimo kikaanza kusema uongo: mnara unazidi kujaa, skrini inaonyesha kina kinashuka polepole. Kengele nyingine, ambayo ingelia mafuta yakizidi, haikulia. Kioo cha pembeni, ambacho mtu angetazama kwa macho yake, kilikuwa kichafu hakionyeshi kitu. Zamu ya usiku iliacha kwenye daftari la makabidhiano mstari mmoja usioeleweka vizuri. Baadhi ya waendeshaji walikuwa wamefanya kazi saa 12 kwa siku, siku 29 au zaidi mfululizo. Kwa muda wa saa tatu mafuta yaliingia mnarani na hakuna yaliyotoka.

Saa saba na dakika 20 mchana yakafurika. Yalipitia valvu za dharura mpaka kwenye pipa kubwa la chuma, la mtindo wa zamani, lenye bomba refu lililoachwa wazi kuelekea angani. Yakaruka juu kama chemchemi. Mapipa ya namna hiyo yalikuwa yamepitwa na wakati. Utaratibu ulio salama zaidi ni kuyapeleka mafuta ya dharura kwenye mwenge unaoyachoma juu, mbali na watu. Mwaka 1997 pipa lile lilipochakaa lilibadilishwa. Likawekwa lingine kama lile lile.

Hapa lazima nisimame kidogo kwenye tabia ya petroli, maana wengi hatuijui. Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi wa mkaa. Unatambaa chini, unaingia mitaroni, unazunguka miguu ya watu mpaka ukutane na cheche. Somo hilo tulilipata kwa uchungu tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakaenda kuchota, na zaidi ya 100 wakafariki. Kule Texas City cheche ilitoka kwenye pikapu ya dizeli iliyoachwa ikiunguruma karibu na lile pipa.

Watu 15 walikufa na kama 180 wakajeruhiwa. Wote 15 walikuwa wafanyakazi wa wakandarasi, wengi wakiwa kwenye ofisi za muda zilizoegeshwa jirani na pipa. Hawakuwa na kazi yoyote na mnara ule. Walikuwa wametoka kwenye chakula cha mchana cha kupongezwa kwa kufanya kazi bila kuumia. Nilipofika kwenye mstari huo nilifunga kompyuta, nikatoka nje kidogo.

Chakula kile kinaeleza mambo kuliko kurasa nyingi za takwimu. Kuna usalama wa aina mbili, na makampuni mengi huuchanganya. Kuna usalama wa mtu: kofia, buti, kushika reli unaposhuka ngazi, kidole kisikatwe. Na kuna usalama wa mtambo: kina cha mafuta, presha, unene wa bomba linaloliwa na kutu, valvu ambayo haijajaribiwa miaka sita. Wa kwanza unahesabika kila siku, nao ni wa bei nafuu. Buti ni buti. Wa pili umejificha ndani ya chuma, unataka mhandisi, unataka mtambo usimamishwe, na mtambo uliosimama hauingizi hela. Mwaka 2004 kiwanda cha Texas City kilikuwa na kiwango kidogo cha majeraha kuliko wakati wowote katika historia yake. Mwaka huo huo watu watatu walikufa humo humo. Takwimu ya kuteleza na kujikata ilikuwa nzuri sana, na watu waliisoma kama habari ya kiwanda kizima.

Tume iliyoongozwa na James Baker, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, ilisema hivyo Januari 2007: BP iliyachukua majeraha ya mtu mmoja mmoja kuwa kipimo cha usalama wa mitambo yake. Wakati tume inafanya kazi, jibu lilikuwa limeshaonekana kwingine. Machi 2006 bomba la kampuni hiyo hiyo kule Alaska lilitobolewa na kutu likamwaga kama lita 800,000 za mafuta ghafi. Kifaa cha kupima unene wa bomba kwa ndani kilikuwa kimepita mara ya mwisho mwaka 1998. Miaka minane. Katika miaka minane meneja amebadilishwa mara ngapi? Kila mmoja alikuta bomba halivuji, akaliacha halivuji, akapandishwa cheo.

Mbishi mmoja ataniambia: basi hapo walijifunza. Tarehe 20 Aprili 2010, kwenye jukwaa la kuchimbia mafuta la Deepwater Horizon katika Ghuba ya Mexico, walikuwepo wageni kutoka BP na kutoka Transocean, wenye jukwaa. Sehemu ya ziara yao ilikuwa kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila ajali ya kumfanya mtu akose kazi. Usiku huo, saa nne kasoro, kisima kililipuka. Watu 11 walikufa, jukwaa likazama baada ya siku mbili, na mafuta yakamwagika baharini kwa siku 87.

Hapa kubana matumizi kunakuja kwa sura nyingine, sura ya haraka. Kazi ilikuwa nyuma ya ratiba kwa wiki kama sita, na kila siku ya jukwaa iligharimu karibu dola milioni moja. Kwa gharama hiyo saa moja ina bei kubwa, na kila anayesema "tungoje tuhakikishe" anajua ametaja shilingi ngapi. Vishikizi vya kuliweka bomba katikati ya kisima vilipendekezwa 21, vikatumika 6. Timu iliyoletwa kupima kama saruji imeshika vizuri ilirudishwa nchi kavu asubuhi ile ile bila kupima, na gharama ya takriban dola 128,000 ikaokolewa. Jaribio la presha lilionyesha kuna kitu kinasukuma kutoka chini. Waliokuwepo wakajipa maelezo ya kuwatuliza, wakaendelea. Kuhusu vishikizi wataalamu walibishana kama vingebadilisha kitu. Sina shida na ubishi huo. Kinachonigusa ni mwelekeo: tume ya rais wa Marekani iliona kwamba maamuzi mengi yaliyoongeza hatari, kwa makusudi au la, yaliziokolea kampuni zile muda na fedha. Haikuwa lazima mtu akusudie. Mizani ilikuwa imeshainama, kila jiwe dogo likaangukia upande mmoja.

Ajali ile imeigharimu BP zaidi ya dola bilioni 65. Ukizigawanya kwa 128,000 unapata zaidi ya vipimo 500,000 vya saruji. Najua hesabu hiyo si ya haki, maana kipimo kile kimoja pengine kisingezuia kila kitu. Niliipiga tu.

Sasa turudi nyumbani, maana msomaji wa Temeke anaweza kusema hatuchimbi mafuta baharini, hayo ni ya Wazungu. Mafuta hatuchimbi, lakini tunayapokea na kuyahifadhi. Meli zinashusha kwenye gati ya mafuta Kurasini au kwenye boya la baharini karibu na Mjimwema, mabomba yanayaleta maghalani, malori yanayabeba kwenda mikoani, Zambia na Kongo. Bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, linatoka hapa hadi Ndola, kilomita 1,710. Kwa hiyo ajali inayotuhusu zaidi pengine siyo ya kisima. Ni ya ghala.

Tarehe 11 Desemba 2005, Jumapili alfajiri, kwenye ghala la Buncefield nje ya London, tangi lilikuwa likipokea petroli kwa bomba. Geji ikakwama. Skrini ikaonyesha kina kile kile huku mafuta yakipanda. Geji hiyo ilikuwa imekwama mara 14 tangu Agosti mwaka huo. Mara 14 watu waliigusagusa, ikaamka, wakaendelea na kazi. Kinga ya pili ilikuwa swichi ya kukata mafuta tangi likijaa, na swichi hiyo ilihitaji kufuli dogo la kushikilia mkono wake mahali sahihi. Kufuli halikuwekwa; waliofunga swichi na walioitumia hawakuelewa kwamba lina kazi. Walidhani ni la kuzuia wadokozi. Zaidi ya lita 250,000 za petroli zikamwagika, mvuke ukatambaa, na saa kumi na mbili na dakika moja asubuhi ukalipuka. Watu 43 walijeruhiwa. Hakuna aliyekufa, na sababu kubwa ni ile Jumapili: ofisi za jirani zilikuwa tupu. Ingekuwa Jumatatu saa nne...

Sisemi maghala yetu yana geji zinazokwama. Sina ushahidi huo na sitaubuni. Ila ukipanda pantoni kwenda Kigamboni ukashuka upande wa pili, utaona jinsi nyumba, magenge na vibanda vya chipsi vilivyosogeleana na njia za malori, Jumapili na Jumatatu.

Huku mtaani shinikizo lina umbo lake. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo, na mwenye kituo haruhusiwi kuivuka. Mimi kama mteja nashukuru. Lakini maana yake ni kwamba mwenye kituo hawezi kupandisha bei ili afidie kodi ya kiwanja, umeme wa jenereta na mkopo wa benki. Akitaka kubaki na chochote, auze zaidi au apunguze matumizi. Na apunguze nini? Rudi kwenye orodha ya meneja wa Texas: kinachoweza kungoja bila kupiga kelele. Mtungi wa moto haupigi kelele. Mhudumu naye hapigi, kwa sababu shoti ya mauzo ikitokea inakatwa kwenye mshahara wake, na mtu anayekatwa shoti hana nguvu ya kudai mtungi.

Jirani yangu anaendesha lori la mafuta kwenda Tunduma. Jioni moja, tukiwa kwenye kahawa, nilimuuliza kwa nini anaendesha usiku.

"Posho ya safari imepigwa siku kadhaa, mzee. Ukizidisha, unakula mfukoni kwako. Sasa nikilala Mikumi na Makambako, nikirudi nyumbani mama watoto nimpe nini?"

"Na ukiwa na usingizi?"

"Unakula mahindi. Unafungua dirisha."

Kwenye karatasi za mwenye mzigo, uchovu wake hauonekani popote. Mwenye mzigo ameingia mkataba na msafirishaji, msafirishaji ana meneja, meneja ana kiwango cha posho. Kila mmoja akiulizwa ataonyesha karatasi safi. Mei 2010 wakuu wa BP, Transocean na Halliburton, kampuni iliyoweka saruji ya kisima, walikaa mbele ya Baraza la Seneti la Marekani wakanyoosheana vidole kwa mtindo huo huo: mwenye kisima akamtaja mwenye jukwaa, mwenye jukwaa akamrudishia na kumtaja mtu wa saruji, mtu wa saruji akasema alifanya alivyoelekezwa. Mkataba unagawa kazi na unagawa pesa, na uwajibikaji unaanguka katikati, pasipo na mtu.

Vipimo vya kuziba pengo hilo vipo na havihitaji mtambo wa ajabu. Hesabu kazi za matengenezo zilizopitiliza tarehe yake. Hesabu kengele ngapi zilijaribiwa mwezi huu na ngapi ziligoma kulia. Hesabu mara ambazo geji imekwama, hata kama iliamka yenyewe. Namba hizo zikipanda leo, bado kuna muda wa kufanya kitu. Namba ya majeruhi ikipanda, muda umekwisha. Wataalamu wa usalama wanayasema haya tangu zamani. Tatizo la namba hizo ni kwamba hazipendezi kuandikwa getini.

Maana getini tunaandika kingine. Kwenye ghala moja upande wa Kigamboni kuna ubao mkubwa wa kijani, "SIKU BILA AJALI", na namba zake zinaning'inizwa kwenye misumari, tarakimu moja moja. Siku niliyopita ilikuwa imevuka elfu moja. Nikamsalimia mlinzi, kijana mpole mwenye redio ndogo mapajani, nikamuuliza nani anampa namba ya kila siku.

"Hakuna anayenipa," alisema. "Nikifika asubuhi, naongeza moja."